Kiraka Ndani ya Tairi

"Hii iko ya motokari ya mbio, papa," muuza tairi kuukuu wa mji wa Baraka alimwambia Wilondja. "Kwa lami iko muzuri. Lakini kule juu Fizi, jua, ukungu na mvua kila saa, itakutupa. Kamata hii ya meno."

Wilondja aliinama, akaingiza mkono ndani ya lile tairi la meno kutafuta nyufa. Vidole vyake vikagusa kiraka cha pembe tano, kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu. Uzi ulikuwa bado imara.

Kiraka kile alikishona mwenyewe, kwenye tairi la gari la mdogo wake, asubuhi ile mdogo huyo alipopandisha abiria kwenda milimani. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Gari halikuonekana tena, wala mtu hata mmoja hakurudi.

"Ulitoa wapi hii?" aliuliza.

"Muntu moja aliniletea leo asubuhi. Iko pale, anakunywa chai."

Ng'ambo ya barabara, mwanamume mwenye koti zito alikuwa akipuliza kikombe chake polepole.

Wilondja aliliacha tairi, akaanza kuvuka kumwendea.