Kishikio cha Ndani

Mwakilishi wa Vijana aliinua mkono kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu mwenyekiti akamtabasamia, kisha akampa nafasi mtu mwingine.

Kikao cha kubuni upya wodi ya afya ya akili ya vijana kilikuwa kimefunguliwa kwa taadhima zote, yaani kwa dakika arobaini za kutafuta waya wa projekta. Ukutani vilibandikwa vikaratasi vya rangi. Kimoja kilisema "Matumaini", kingine "Sauti ya kijana". Cha tatu kiliuliza "Chai saa ngapi?" Hicho kilibandikwa kwa makosa, lakini ndicho pekee kilichopata jibu.

"Haya, kijana wetu," mwenyekiti alisema hatimaye. "Wewe ndiye uliyewahi kulazwa kule. Sisi tunabahatisha tu."

Mwakilishi akasimama.

"Chumba namba nne, mama. Mlango hauna kishikio kwa ndani. Ukifungwa, unagonga mpaka mtu akumbuke kwamba upo. Naomba kishikio kimoja. Kiwekwe leo."

"Haraka ya nini?" aliuliza fundi mkuu.

"Saa kumi kuna mtu analazwa pale."

Muuguzi, ambaye asubuhi ile aliliandika jina la mgonjwa huyo daftarini, akakodolea macho kikombe chake.

"Hoja nzito," alisema mwenyekiti. "Iandikwe."

Ikaandikwa kwenye kikaratasi cha njano, kikabandikwa juu ya kingine chenye maneno yaleyale, ambacho kilikuwa kimepauka hadi kukaribia weupe.

"Ila milango ina kamati yake ndogo," fundi alikumbusha.

"Imeshakutana?"

"Bado. Ufunguo wa ukumbi ulipotea."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa masikitiko ya kikazi. Wakampigia kijana makofi kwa ujasiri wake. Wao wakanywa chai. Yeye, kama ilivyo desturi ya kikao, akapewa soda na biskuti mbili.

Hakuzigusa. Saa kumi kasoro dakika tano alikuwa ndani ya chumba namba nne, akipapasa ule mlango. Ubao mtupu. Mistari aliyoichora kwa kucha zake siku zile bado ilikuwepo. Aliihesabu, akafika kumi na tisa, akaacha.

Muuguzi akaja na mfuko wa nguo na funguo.

"Nilijaribu kumsemesha fundi," alisema polepole. "Anasema anasubiri muhtasari wa kikao."

"Najua, dada."

"Muda umefika. Humu anabaki mgonjwa peke yake."

Mwakilishi wa Vijana akavua miwani yake ya kusomea, akajipangusa kipara kwa leso, akatoka hadi koridoni.

"Baba," msichana aliyekaa kitandani akamwita, "sasa huu mlango nitaufunguaje?"