Uzito wa Ncha ya Kushoto

Bomba la Mjerumani lilikuwa likivutwa kwa kamba chini ya maji ya Ruvuma, matundu yake ya kunyonyea maji yakitazama juu. Lingegeuka, mchanga ungeyaziba, na shamba lake la pamba, tulilolimishwa kwa viboko, lingekosa maji.

Ili lisigeuke, lilifungiwa mti wa kukingama, mtu mmoja akining'inia kila ncha. Mimi, msomi wa misheni ya Masasi, nilitunukiwa ncha ya kushoto. Ya kulia alipewa Mzee Muharami, mgongo wake ungali mbichi kwa kiboko.

"Shikamoo, mzee. Nikiachia, upande wako utazama."

"Marahaba. Nani kakwambia sijui kuogelea?"

"Shikilieni!" Bwana alifoka ukingoni.

Nikaachia, mkono wa kulia kwanza, kwa adabu.