Wananchi Wenye Hasira

Wakili alimwambia hakimu kwamba mteja wake hakukimbia ajali, alikimbia wananchi wenye hasira, na sheria haimtaki dereva asubiri kupigwa mawe.

Hakimu akanigeukia pale kwenye kizimba cha mashahidi. “Mama, siku ile kwenye njia ya Mwimbi mlikuwa wangapi?”

“Peke yangu, Mheshimiwa. Mikono yote miwili imeshika kichwa cha mume wangu, damu inalowesha ulezi wetu uliomwagika barabarani. Huyu aliyetugonga akashusha kioo cha gari. Nikamwambia, ‘Baba, naomba utubebe mpaka hospitali.’ Akapandisha kioo, akaondoka.”

Wakili akasimama. “Lakini ulikuwa na hasira?”

“Siku ile? Sikuwa hata na mkono wa kuokotea jiwe. Hasira ninayo leo,” nikasema, nikashuka kizimbani kumfuata dereva alipokaa.