Mtoto wa Mheshimiwa

Sheria ilikuwa moja kwa mabunge yote ya Asia na Afrika: kila mbunge ampeleke mwanawe akalelewe nyumbani kwa mbunge wa nchi mwenza. Nani angepigia kura vita, na damu yake inalala upande wa pili? Amani ikatimiza miaka ishirini.

Lakini mkuki kwa nguruwe. Aliyepelekwa Asia kwa jina la Mheshimiwa Kitundu alikuwa Zuhura, binti wa Mashavu, mfuaji wake wa nguo, aliyebadilishiwa cheti kwa ahadi ya shule nzuri. Mtoto halisi wa Mheshimiwa alikuwa kafichwa ghorofani, akinenepa.

Mashavu alijipa moyo kwamba wa huko ni waaminifu, na kwamba Nirmala, binti wa mbunge wao waliyemleta alelewe hapa, ndiye kinga ya Zuhura. Hadi asubuhi ile Nirmala alipochuchumaa kwenye beseni, akafikicha kola kwa ngumi, akakamua shuka likabaki karibu kavu.

"Nani kakufundisha, mwanangu?"

"Mama. Anafua kwa mbunge." Kisha akaziba mdomo kwa mkono wenye povu.

Redioni wabunge walikuwa wakiitwa mmoja mmoja, waseme kama waipige vita nchi ya kina Nirmala au la. Kitundu akajibu "Ndiyo" upesi, sauti isitetemeke.

Mashavu akamvuta Nirmala kifuani. Dirisha likafunguliwa, mke wa Mheshimiwa akachungulia.

"Mashavu, lile shati jeupe likauke mapema. Kesho Mheshimiwa anawahutubia wazazi, awaombe wawatoe watoto wao kwa ajili ya taifa."