Taa za Nyuma

Siku ya tatu Mwinjuma aliingia tena chini ya dashibodi, kichwa kwenye pedali, miguu ikining'inia juu ya kiti. Nyaya za gari la marehemu baba yake zilikuwa zimechujuka, nyekundu na kijani zote zikawa rangi ya vumbi. Alizifuata mmoja mmoja kwa vidole ambavyo siku hizi hata kifungo cha shati vilikishindwa, akauunga wa mwisho na kuufunga tepu nyeusi.

Zikabaki taa za breki. Akakanyaga pedali, akashuka kwenda kuangalia. Bila mguu, taa zilikuwa zimezimika. Akaegemeza tofali kwenye pedali. Likateleza, likamwangukia kidole cha mguu.

Ng'ambo ya ua, mdogo wake Shekue alikuwa akimwagilia mchicha. Huu ulikuwa mwaka wa sita hawasemezani, tangu gari hilo hilo liwagombanishe matanga hayajaisha.

Kiza kilianza kuingia. Mwinjuma akarudi kwenye kiti, akakanyaga breki na kutulia, macho mbele. Maji kwenye mchicha yakanyamaza.

"Ya kushoto haiwaki," sauti ikasema nyuma ya gari.

Kabla hajajibu, kikasikika kibao kimoja kwenye bati, kama alivyokuwa akilipiga baba yao.

"Sasa zote."

Mwinjuma akaendelea kukanyaga.

"Toa mguu, kaka. Betri itakwisha."

Hakuutoa. Kwenye kioo cha ndani alimwona Shekue amesimama na ndoo yake, uso mzima umekuwa mwekundu kwa taa.