Mtume Aliyegeuza Viti

Haya nimesimuliwa na mkaza mwanangu Jumapili iliyopita, tukikunja nguo.

Kanisa lao lilikuwa linakaribia kufungwa kwa kukosa watu. Mchungaji akamwita mtume mmoja anayesifika kwa kufufua makanisa, na siku hiyo watu wakaja kuona atafufuaje.

Mtume hakupanda madhabahuni. "Geuzeni viti," alisema, "tuangalie mlangoni."

"Makubwa!" akanong'ona bibi mmoja. "Leo tunaihubiria barabara?"

Ng'ambo ya barabara seremala alikuwa akipiga randa, maranda yamemganda kwenye ndevu. Yule alikuwa kaka yake mchungaji. Waligombana, akamfukuza kanisani, na nusu ya waumini wakaondoka naye.

"Tunakusubiri, baba mchungaji," mtume akasema, akaketi.

Mchungaji akainuka, akavuka. Randa ikanyamaza.

"Kaka, ibada inaanza."

"Na vumbi lote hili?"

"Njoo nalo. Nilikukosea, kaka."

Seremala akaja, akaketi kando ya mdogo wake. Wimbo wa kwanza haujaisha, amelala fofofo begani kwa mchungaji, na mchungaji hathubutu kujitikisa.