Dagaa Chini ya Kitanda

Madatali alipiga magoti kando ya kitanda, akasukuma kopo la dagaa wa kukaanga mpaka ukutani, kisha akanyoosha mkono na kufungua kifuniko. Dagaa wa Mwanza, wa pilipili na limau. Akainuka huku ameshika kiuno, akafungua dirisha ili upepo ufanye kazi yake, akatoka na kufunga mlango wa chumba.

Ilikuwa siku ya pili ya safari ya uvuvi, mwendo wa saa tano kwa gari kaskazini mwa Toronto, na Madatali alikuwa ameapa kwamba hapa hakanyagi tena mpaka anaingia kaburini.

Si kwamba hakujaribu kuupenda uvuvi. Huu ulikuwa mwaka wa sita. Mwaka wa kwanza alialikwa na mkwewe Hasanali, baba yake Inara aliyeolewa na mwanawe Adil. Sasa, huwezi kualikwa na mkwe ukala, ukanywa, ukapangusa mdomo na kukaa kimya. Mwaka wa pili Madatali akaalika yeye. Hasanali akarudisha mwaliko. Madatali naye akarudisha. Ndivyo mzee aliyeuza vitambaa maisha yake yote alivyojikuta kila Juni ndani ya boti, anang'atwa na inzi weusi, akivua samaki wanaopigwa picha kisha wanarudishwa ziwani. Hilo la kurudisha samaki lilimuuma kuliko inzi.

Kumwambia mkwe ukweli haikuwezekana. Hasanali alikuwa mjane, na Inara alishasema mara nyingi kwamba baba yake huhesabu siku za safari hii. Ukimvunja mkwe moyo, habari inafika Richmond Hill, kwa Adil na Inara, kabla hujavua viatu. Na nyumbani kwa Adil kulikuwa na mjukuu, Rida, wa miaka minne. Madatali angeweza kuvumilia mengi, lakini si mlango ule kufunguliwa kwa shingo upande.

Kambi, hata hivyo, ingeweza kumfukuza. Mwongozaji wao alikuwa Kiptoo, kijana wa Eldoret aliyekuja huku kusoma, akaipenda baridi, jambo ambalo Madatali hakulielewa kabisa. Siku ya kwanza aliwasimamisha mbele ya sanduku kubwa la chuma.

"Wazee, chakula chote kinakaa humu. Hata peremende. Dubu ananusa mbali sana. Nikipata chakula kwa kibanda, mwenyewe anaenda home, na hii kambi hatarudi tena. Rule ni rule."

"Hatarudi kabisa?" Hasanali aliuliza.

"Kabisa."

"Hata kama ni mgeni wa miaka sita?"

"Hata kama ni wa sitini, mzee."

Hasanali alitikisa kichwa polepole. Madatali alimwonea huruma. Maskini, anaogopa kukosea.

Sasa Kiptoo alikuwa anawaita botini. Walipofika kwenye gati, Hasanali akajipiga kwenye paji la uso: amesahau kofia. Akarudi kibandani mbio, zile mbio za mtu wa miaka sabini, akakaa huko dakika kumi, akaja akipangusa vidole kwa leso. Kofia hana.

"Haionekani," alisema, akaketi. Alinukia iliki, lakini Hasanali ni mtu wa chai tangu Mombasa.

Asubuhi hiyo Hasanali alivua samaki mkubwa kuliko wote wa miaka sita. Akapigwa picha. Samaki akarudi zake.

"Shabash, Hasanali bhai!" Madatali alisema, na dhamiri ikamchoma.

"Mwakani zamu yangu kukualika," Hasanali alijibu, akitazama maji. "Inshallah."

"Inshallah," alisema Madatali.

Waliporudi saa sita mchana, mlango wa kibanda ulikuwa umelala kwenye majani. Kiptoo akawaambia wabaki botini, akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Dubu akatokea kwenye dirisha la chumba cha Madatali, mnene, hana haraka, akaenda zake msituni akiburuta blanketi la Madatali.

Kiptoo akaingia ndani. Akatoka na kopo tupu, limelambwa likang'aa.

"Hii ni ya nani?"

Madatali alikuwa ameufanyia mazoezi uso wake mbele ya kioo. "Yangu, mwanangu. Uzee huu. Nilisahau."

"Pole, mzee. Basi leo unaenda, na hautarudi."

Madatali akaweka mkono kwenye bega la mkwewe. Moyoni ngoma zilikuwa zinalia. "Nisamehe, Hasanali bhai. Nimekuharibia safari zako."

"Hajaharibu kitu," Kiptoo akadakia, akamgeukia Hasanali kwa upole. "Wewe hauna makosa, mzee. Mwaka ujao uje peke yako. Mimi na wewe tu, boti moja, kila siku, wiki mbili nzima. Nitapigia binti yako Inara leo leo."

Hasanali akapauka. Akalitazama ziwa. Akamtazama Madatali, ambaye tayari alikuwa anaanza kutabasamu.

"Kiptoo, mwanangu," Hasanali alisema, "hujatafuta vizuri. Hebu inua mto wangu. Kuna kilo nzima ya halua, na nimeifungua mwenyewe."